Tumbo la Dada Yetu Si Mtaji wa Mtu



Wiki hii nimetumiwa bango moja la mkutano na watu wanne tofauti. Juu kuna nabii ameshika kipaza sauti, katikati kuna picha ya mtoto mchanga, na chini imeandikwa kwamba usiku huo kila tumbo lililofungwa litafunguliwa. Mbegu ya imani ni shilingi elfu kumi. Namba ya paybill imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la Yesu. Wote wanne walionitumia ni akina dada walio kwenye ndoa na hawajapata mtoto, na swali lao lilikuwa moja: "Pasta, niende?"

Wale wanne nimewapigia simu. Lakini najua wako wengine ambao hawakuuliza, wametuma pesa tayari, kwa hiyo leo najibu mbele ya watu wote. Usiende.

Kabla hujaniandikia hapo chini kwamba pasta amepoa kiroho, soma mpaka mwisho. Naamini Mungu anafungua tumbo. Nimewaombea wanandoa wakapata watoto, na Jumapili hii nitaombea wengine tena, bila bahasha. Ninachopinga ni biashara hii, pamoja na mafundisho yanayotembea nayo: kwamba anayetafuta mtoto kwa daktari amekosa imani, na kwamba IVF ni kazi ya kuzimu na watoto wake hawana roho. Haya yanahubiriwa, wapendwa. Yanahubiriwa redioni saa kumi na moja asubuhi, wakati dada yetu anachemsha chai na usiku kucha amekuwa akilia.

Nianze na hilo la watoto kukosa roho, maana linanikera. Mtoto wa kwanza wa IVF duniani alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Anaitwa Louise Brown. Mama yake, Lesley, mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba na alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka tisa. Mwanasayansi Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy walichukua yai lake, wakalikutanisha na mbegu za mumewe kwenye maabara, kisha wakamrudishia tumboni. Louise leo ni mama wa watoto wawili, aliowapata kwa njia ya kawaida. Hapa kwetu, watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Duniani kote wamezaliwa mamilioni. Wako shuleni, wako kwenye kwaya, na pengine mmoja wao anakupigia kinanda kila Jumapili nawe hujui. Wewe mhubiri unayesema hawana roho, siku mmoja wao akija mbele kuokoka utamwombea nini?

"Lakini pasta, Sara alikosa subira akaleta Hajiri, na matatizo hayajaisha mpaka leo." Hii hoja naletewa kila mara. Soma Mwanzo 16 tena, polepole. Kosa la Sara lilikuwa kumchukua msichana wa kazi, mtu asiye na sauti nyumbani, na kumtumia tumbo lake kama chombo. Mume na mke wanaotumia yai lao na mbegu zao, katika ndoa yao, wana Hajiri gani? Kama unataka kutumia hadithi hiyo kuonya kuhusu kumlipa binti maskini akubebee mimba, hapo tutaongea, na nitakuunga mkono kwa mengi. Kwa mume na mke hawa haina kazi.

Na yule mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili? Manabii wanampenda sana, kwa sababu Marko 5 inasema alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga bila kupona. Wanasema, mnaona, madaktari! Ndugu yangu, mstari huo unalia kuhusu mtu aliyeliwa pesa zake zote na watu waliomwahidi kupona. Leo, katika mji wako, ni nani anayemla mwanamke wa namna hiyo? Yesu hakumtoza hata senti.

Hezekia alipougua, Isaya, nabii kamili, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Hana alilia mbele za Bwana pale Shilo, na Bwana alimkumbuka, lakini angalia 1 Samweli 1:19 wapi na lini: walirudi nyumbani Rama, na Elkana akawa na mkewe. Maombi yalifanyika hekaluni na mimba ikaingia nyumbani, kwa njia ambayo Mungu aliiumba mwilini. Njia hiyo inapoziba, anayeitafutia tiba hajampinga aliyeiumba.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike kwa hasira. Hawa watu hawakuibii pesa peke yake. Wanakuibia MIAKA.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Akizaliwa anayo kama milioni moja au mbili, akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne hivi, na kila mwaka yanapungua. Hayaongezwi. Yaliyobaki nayo yanazeeka pamoja naye, na yai lililozeeka hukosea mara nyingi zaidi katika kugawa kromosomu, kwa hiyo mimba inashindwa kushika au inaharibika mapema. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku. Mke wake hana nafasi hiyo.

Tazama tarakimu. Uingereza wana mamlaka ya serikali inayohesabu matibabu haya yote. Mwaka 2019, kwa kila kiinitete kilichorudishwa tumboni, wanawake walio chini ya miaka 35 walijifungua mtoto hai kwa asilimia 32. Wa miaka 35 hadi 37 ilikuwa asilimia 25. Wa 38 na 39, asilimia 19. Wa 40 hadi 42, asilimia 11. Wa 43 na 44, asilimia 5. Kupita hapo, asilimia 4.

Sasa mchukue dada wa miaka 33 ambaye mirija yake imeziba. Nabii anamwambia asiende hospitali, angoje. Anangoja. Mfungo wa siku 21, kesha, mafuta, leso iliyoombewa, mbegu ya elfu kumi, mbegu ya elfu hamsini ya "kuvunja laana ya ukoo". Kila Januari anaambiwa huu ndio mwaka wake. Akija kufika kwa daktari ana miaka 41. Alipoanza kungoja, nafasi yake kwa jaribio moja ilikuwa kama theluthi. Sasa ni kama moja kati ya tisa. Ni nani atamrudishia hiyo tofauti? Nabii amehamia mtaa mwingine na ana gari jipya. Mama huyu sikumtunga. Yeye na mumewe wameketi mbele yangu, na katika miaka minane hiyo hakuna mtumishi hata mmoja aliyewahi kuwauliza kama wamepimwa.

Kupimwa! Shirika la Afya Duniani linasema utasa ni kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mwaka mmoja. Madaktari wanashauri mwanamke aliyepita miaka 35 asingoje hata huo mwaka, aende baada ya miezi sita. Shirika hilo hilo lilitoa ripoti mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia jambo hili maishani mwake. Basi ukiwa na kanisa la watu mia tatu usiniambie ni roho ya ukoo wa fulani. Na hapa Afrika sababu kubwa mojawapo ni maambukizi ambayo hayakutibiwa, kisonono na klamidia, yanayopanda juu na kuacha makovu kwenye mirija. Mengi hayana dalili. Mke alieleta ugonjwa huo nyumbani mara nyingi hayuko, aliletewa.

Ndiyo, wanaume, nimefika kwenu.

Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanamume ana mchango, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Lakini ni nani amezungushwa madhabahuni mara kumi na mbili? Ni nani ambaye mama mkwe anamuuliza mbele ya wageni kama amekuja kujaza choo? Ndugu, kipimo cha mbegu ni elfu chache. Unakaa siku mbili hadi saba bila kukutana na mkeo, unapeleka kikombe maabara ndani ya saa moja, unangoja karatasi. Kuna kaka ameniuliza kama kutoa mbegu namna hiyo ni dhambi. Nimemwambia aende na mkewe, wasaidiane, na aache kutafuta mstari wa kujificha nyuma yake. Nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili. Unaweza kuwa simba chumbani na kikombe kiwe hakina mbegu hata moja. Hiyo haikupunguzii uanaume. Kinachokupunguzia ni kumwacha mkeo abebe jina la tasa miaka kumi kwa ajili ya kikombe ulichokataa kupeleka.

Sasa, nimepiga upande mmoja. Wenye kliniki wakicheka, nao wangoje.

Maana kuna mabango mengine, ya rangi safi, yenye daktari amevaa koti jeupe na maneno "mafanikio asilimia 70". Dada yangu, kabla hujaenda Sacco kuchukua mkopo, uliza: asilimia sabini ya NINI? Kuna kliniki inahesabu kila kipimo cha mimba kilichosoma ndiyo, hata kama mimba iliharibika wiki mbili baadaye. Nyingine inahesabu mimba yenye mapigo ya moyo. Wewe unataka tarakimu ya mtoto aliyezaliwa hai. Uliza tena: kati ya wanawake wote walioanza sindano, au kati ya wale tu waliofika hatua ya kurudishiwa kiinitete? Maana wengi hawafiki. Na ni wanawake wa umri wangu, wenye shida yangu, wakitumia mayai yao wenyewe? Daktari mwaminifu atakujibu bila kukunja uso. Asiyetaka kujibu, chukua mkoba wako uondoke. Nchi yetu imefanya kazi hii kwa miaka mingi bila sheria yake mahususi, na Mheshimiwa Millie Odhiambo amesukuma mswada wake bungeni zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo macho yako ndiyo ulinzi wako wa kwanza.

Uelewe pia kinachofanyika, usiende kama mtu anayeingizwa chumba cha giza. Unadungwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi ili mayai mengi yakomae mara moja badala ya moja. Ultrasaundi mara kadhaa. Sindano ya mwisho, kisha baada ya saa 36 hivi mayai yanavunwa kwa sindano nyembamba, ukiwa umepewa dawa ya usingizi. Maabara inayakutanisha na mbegu. Mbegu zikiwa dhaifu, wanachagua moja na kuidunga ndani ya yai. Wanangoja siku tatu hadi tano. Hapa ndipo hesabu inauma: mayai kumi yakivunwa, si yote yamekomaa, yaliyokomaa si yote yatarutubishwa, na yaliyorutubishwa, mara nyingi nusu au zaidi hayafiki siku ya tano. Kutoka kumi unaweza kubaki na mawili. Unaweza kubaki bila hata kimoja. Kisha kiinitete kinarudishwa tumboni, na unangoja wiki mbili ambazo wanawake waliopitia wanasema ni ndefu kuliko mimba yenyewe.

Kuna hatari pia. Wengine ovari zao huvimba vibaya kutokana na dawa, na hiyo inaweza kukulaza hospitali. Ukirudishiwa viinitete vitatu "ili tupate kwa haraka", unaweza kubeba watatu, ukajifungua kabla ya wakati. Usishangilie mapacha watatu kabla hujaona chumba cha watoto njiti.

Gharama unazijua. Jaribio moja hapa kwetu linakwenda laki nne, laki tano, na zaidi, na kwa wengi linatoka mfukoni. Kwa hiyo usiuze shamba lote kwa jaribio la kwanza. Dada wa miaka 32 akijaribu mara tatu, tukifanya kila jaribio ni asilimia 32, nafasi yake inakaribia asilimia 69. Wa miaka 41 akijaribu mara tatu, hafiki hata asilimia 30. Hizi ni hesabu za penseli, mwili wako si wastani wa Uingereza, na daktari wako atakupa zako. Lakini kaeni chini mume na mke, muamue mapema mtajaribu mara ngapi na mtasimama wapi. Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayejenga mnara kwamba hukaa kwanza ahesabu gharama.

Kuna mahali mimi kama mchungaji naweka mpaka, na sitauficha ili nipendwe. Viinitete. Vikibaki, vinagandishwa kwenye naitrojeni ya baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na vinaweza kukaa huko miaka. Vatican ilitoa waraka mwaka 1987 kukataa IVF, na hili ni mojawapo ya mambo yaliyowasumbua. Sikubaliani na ndugu zetu Wakatoliki katika yote, lakini hapa wanauliza swali ambalo sisi Wapentekoste tunaliruka tukipiga makofi. Kama unaamini uhai unaanza pale yai na mbegu vinapoungana, huwezi kutengeneza kumi na viwili ukijua utahitaji viwili, halafu uache kulipia friji. Ongea na daktari kabla ya siku ya maabara. Inawezekana kurutubisha mayai machache tu, yale mtakayokuwa tayari kuyapa nafasi yote. Itapunguza nafasi kidogo, ndiyo. Mwambie hivyo ndivyo unavyotaka, na usione aibu.

Na neno moja kwa ninyi mliofanikiwa, kwa upole, maana nawapenda. Kuna dada hujifungua akiwa na miaka 46, anasimama na ushuhuda kwamba nabii alimgusa tumbo. Hasemi kuhusu kliniki. Hasemi kama yai lilikuwa la mtu mwingine, na katika umri huo mara nyingi ndivyo ilivyo, kwa sababu yai la msichana hubeba umri wa msichana. Siri ya nyumba yako ni yako, hulazimiki kutangaza. Lakini ukishaamua kushuhudia, usimpe nabii kazi ya daktari. Kule nyuma ameketi mwenzako wa miaka 43 anayefikiri wewe ulipata kwa mafuta tu, naye anakwenda nyumbani kuuza ng'ombe anunue chupa ile ile.

Tunajua biashara hii inaweza kufika wapi. Miaka ya 2000 mwanzoni, katika kanisa moja la Mkenya huko London, wanawake waliopita umri wa kuzaa waliambiwa wana mimba za miujiza. Walisafiri Nairobi wakarudi na watoto. Vipimo vya DNA vilionyesha watoto hao hawakuwa na undugu nao. Wale walikuwa watoto wa mama fulani.

Na wewe ambaye umefanya yote, maombi, hospitali, jaribio la pili, la tatu, na hakuna kitu? Nakuandikia pia. Hukukosa imani. Asilimia 32 ikiwa ndiyo nafasi nzuri kabisa, maana yake hata kwa vijana wenye afya jaribio moja hushindwa mara 68 kati ya 100. Hiyo ndiyo biolojia tuliyo nayo. Isaya 56 Mungu anasema na watu wasioweza kuzaa, na ahadi anayowapa haimtaji mtoto. Anawaahidi jina ndani ya nyumba yake lililo bora kuliko wana na mabinti. Mordekai alimlea Esta ambaye hakumzaa. Kuna watoto katika makao ya nchi hii wanaongoja mtu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaeleza namna ya kuasili kwa njia halali. Lakini sitakuharakisha. Lia kwanza. Na akija mtu kukuuliza "bado?", mtume kwangu.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi, mimi na Mama Kanisa tutakaa ofisini kuanzia saa nne. Muuguzi mmoja wa kanisa letu atakuwepo kueleza vipimo vya kwanza ni vipi, vinafanyika wapi, na vinagharimu kiasi gani. Njooni wawili wawili. Mke akija peke yake nitampokea, lakini nitampigia mumewe simu papo hapo. Hakuna sadaka itakayochukuliwa, na mlango wa nyuma utakuwa wazi kwa wasiotaka kuonekana.